Walipoikata Hariri

Kama kulikuwa na mtu mwenye furaha kumzidi Pindo Jumamosi ile, basi mtu huyo hakukaa mji wao. Alipanda ngazi za lile jengo mbilimbili mpaka ghorofa ya nne, kifurushi cha karatasi ya kaki amekibana kwapani, na alipousukuma mlango wa chumba cha cherehani wenzake wote wakageuka.

"Makubwa haya!" akasema Mwokaji, mama mnene wa duka la mikate la pale chini. "Pindo, umeokota nini njiani? Meno yote nje!"

"Subirini. Leo mtanitambua."

Jina hilo la Pindo alipewa humohumo chumbani mwaka aliojiunga, kwa sababu hakujua kushona kitu ila pindo la gauni. Siku za kazi alikuwa chumba cha eksirei hospitalini, akiwaambia watu vuta pumzi, ishike, usitikisike. Jumamosi alikuwa mshonaji wa mifarishi, yale matandiko ya kitanda yanayoungwa kwa vipande vidogovidogo vya vitambaa mpaka mtu akitazama anadhani ni bustani. Hakuna aliyewalipa kwa kazi hiyo. Ilikuwa raha tu, na raha ikimkolea mtu huwa ugonjwa.

Sasa, ukishajulikana kwamba unaunga vipande, ndugu zako wanapumzika. Krismasi ikifika hakuna anayeumiza kichwa, kila mtu anakuletea kitambaa. Ndiyo maana Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi chama chao kilikuwa na Siku ya Kugawana. Kila mmoja alileta kitambaa alichozawadiwa, kikakatwa sawa kwa sawa, na wote wakarudi makwao na kipande cha furaha ya mwenzao. Asiyeleta hakufukuzwa, ila alisutwa mpaka Pasaka. Na kilicho kizuri kupita vyote ndicho kilichokatwa kwanza, maana kumpa mwenzako usichokitaka wao hawakukuita kugawana, walikuita kufagia nyumba.

"Simu kikapuni," akaamuru Bibi Mkasi. "Zizimwe kabisa."

Hiyo nayo ilikuwa sheria, tangu siku Mwokaji alipojikata kidole akipokea simu ya mumewe aliyetaka kujua chumvi iko wapi. Bibi Mkasi ndiye aliyekuwa mkataji wao. Alikuwa mjane, mkono wake haukutetemeka, na akikuambia mstari umenyooka, wewe usipoteze muda kutafuta rula.

"Na mumeo mtarajiwa yuko wapi?" akauliza akifuta meza.

"Atachelewa. Kuna watu wamekwama kwenye lifti huko benki."

Wakacheka, kwa sababu ni lifti iliyowaletea Fundi. Miaka mitatu nyuma lifti ya jengo lao ilikwama, akaja kijana mmoja mwenye mikono ya grisi, wakampa chai, akaona pembetatu zimetandazwa mezani akauliza, "Hizi ncha mnazikutanishaje?" Pindo akamwonyesha. Lifti ilitengenezwa siku hiyohiyo, lakini Fundi hakuacha kuja. Mwanamume pekee katika chama, na waliomcheka mwanzoni waliacha siku walipoona mfarishi wake wa kwanza. Pindo yeye hakuhitaji kuona mfarishi. Ilimtosha vile alivyoshika kitambaa, polepole, kama mtu anayesikiliza.

"Haya," akasema Bibi Mkasi. "Nani anaanza?"

"Mimi," akasema Pindo, akafungua karatasi.

Ilikuwa hariri, nzito, rangi ya maziwa, na ndani ya ufumaji wake kulikuwa na majani madogo yasiyoonekana mpaka uiinue mwangani. Mwokaji alifuta mikono kwenye gauni mara mbili kabla ya kuthubutu kuigusa.

"Uwii! Hii umeitoa wapi?"

"Nimepewa na mama." Pindo akailaza mezani. "Mama yake Fundi."

Hapo hata Bibi Mkasi alivua miwani. Wote walikuwa wanajua habari za mama yake Fundi. Pindo aliwahi kuolewa, akaachana na mume, na kwa yule mama hilo lilikuwa doa lisilotoka kwa sabuni yoyote. Mwanamke aliyeacha nyumba moja, alisema mbele za watu, atashindwaje kuacha ya pili? Miaka mitatu alimpokea Pindo kwa salamu ya mdomo tu. Harusi ilikuwa ikisogezwa mbele na kusogezwa tena, kwa sababu Fundi alikuwa ameapa hatafunga ndoa mama yake amenuna.

"Tueleze basi!" akasema Mwokaji.

"Siku ya Krismasi, tulipokuwa tunaondoka. Fundi ametoka kuwasha gari. Mama akanivuta kwenye korido, akanisukumia hiki kifurushi, akasema, 'Chukua. Wewe ndiye mjuzi wa vitambaa.' Basi. Nilishindwa hata kusema asante vizuri."

"Fundi kasemaje?"

"Hajaiona! Nilimwambia tu mama kanipa zawadi, akafurahi mpaka akapiga honi barabarani bila sababu. Nikamwambia utaiona Jumamosi, kwenye meza yetu."

Bibi Mkasi alikuwa akipitisha kidole juu ya mkunjo wa hariri. Palikuwa na mstari wa manjano, hafifu, pale ilipokunjwa.

"Hii imelala kabatini miaka," akasema. "Pindo, hakukuambia ushone nini?"

"Hapana, Bibi."

"Hakusema neno jingine?"

"Hakusema."

"Unaweza kuiacha, mwanangu. Leo hatutakusuta."

Pindo akatikisa kichwa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hakuona haya. "Bibi, miaka mitatu mmenibembeleza hapa nikilia kwa ajili ya yule mama. Kila mmoja wenu. Leo kanipokea, halafu mimi nikaifiche kabatini? Nataka kila mfarishi utakaotoka chumba hiki uwe na jani lake moja. Kata, Bibi."

Ndiyo wazimu wa washonaji wa vipande. Mtu mwingine akiona hariri anaona gauni. Wao wakiona hariri wanaona miraba, na kuigawa ndiyo heshima kubwa wanayoijua. Bibi Mkasi akaitandaza, akaweka rula, akabingirisha juu yake kile kisu chake kikali cha gurudumu, na hariri ikafunguka bila sauti.

Ilikuwa imekatwa yote, na Mwokaji kipande chake amekishika shavuni, waliposikia miguu ikikimbia kwenye ngazi. Fundi wa lifti akipanda kwa miguu, ujue kuna msiba. Mlango ukafunguliwa kwa bega.

"Simu yako imezimwa!" Fundi alikuwa anahema. "Pindo, nimepiga, nimepiga! Ile zawadi ya mama—"

Akaiona meza.

Pindo alikuwa ameshainuka kumkumbatia. Akabaki katikati ya chumba mikono ikiwa wazi, kwa sababu Fundi alimpita, akaenda moja kwa moja mezani, akaweka kiganja juu ya vile vipande.

"Mmeikata," akasema.

"Fundi, kuna nini?"

"Mmeikata yote?"

"Mpenzi, niambie kuna nini!"

"Hii ni hariri ya baba." Sauti yake ilitoka ndogo, ya mtoto. "Baba alimnunulia mama, ashone gauni la kutimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa yao. Akafa kabla haijafika kwa fundi nguo. Mama hakuwahi kuishona. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kufungua lile kabati. Pindo, alikupa ushone gauni la harusi."

Mwokaji akakiondoa kipande shavuni kama kimemuunguza. Mmoja baada ya mwingine walirudisha vipande vyao mezani, na Bibi Mkasi, ambaye hakuwahi kuruhusu kilichogawanywa kirudishwe, ndiye aliyevipanga na kuvifunga tena katika karatasi ya kaki.

"Kosa ni langu," akasema Bibi Mkasi. "Mkono ni wangu."

"Hapana, Bibi. Ni mimi niliyesema kata." Pindo akamgeukia mchumba wake. "Fundi, wallahi sikujua. Hakuniambia."

"Najua hukujua." Lakini hakumtazama alipolisema hilo. "Twende kwa mama."

Wakaingia garini. Pindo amepakata kifurushi, na kila mara gari liliporuka shimo alikikumbatia, ungedhani kuna kitu ndani kinachoweza kuvunjika zaidi. Hatimaye akauliza.

"Wewe mama kakuambia saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nimetoka benki, nikapita nyumbani kubadili shati. Navaa viatu, ndipo akaniambia."

"Alisemaje? Maneno yenyewe."

"Alisema, 'Nimempa mwenzako hariri ya baba yako, ya gauni la harusi. Angalieni msije mkaikata, maana leo si ndiyo siku yenu?'"

Pindo akageuka, akamtazama. "Mama anaijua Siku ya Kugawana?"

"Anaijua. Kila mwaka namsimulia, anacheka sana. Kwa nini?"

Kulikuwa na kitu kimeanza kumbana Pindo, na alikuwa akikiomba kisiwe kile alichokidhania. Alimtazama Fundi, ile shingo aliyoipenda, ile mikono, akangoja aone kama na yeye kimembana. Fundi alikuwa anatazama barabara.

Mama yake Fundi aliwapokea sebuleni, ameketi wima, kadi za Krismasi bado zimening'inia kwenye uzi juu ya kabati la vioo. Pindo hakungoja kukaribishwa. Alipiga magoti kwenye zulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekosa. Nimeikata hariri. Sikujua ni ya nani wala ni ya nini, lakini nimeikata, na sina la kujitetea. Nisamehe."

Yule mama alinyoosha mkono, akapokea kifurushi, akakifungua juu ya meza ya chai. Akavitoa vipande kimoja kimoja akivipanga, ukingo kwa ukingo, mpaka kitambaa kikawa kama kilivyokuwa, ila kwa ile mistari. Majani yalikutana sawasawa. Bibi Mkasi alikata vizuri mno.

"Unaweza kuviunga?" akauliza.

"Naweza, mama. Lakini kila mshono unakula kitambaa. Vikiungwa, havitatosha gauni."

"Havitatosha," mama akarudia. Na machozi yakamtoka kweli, machozi ya mjane, yasiyo ya maigizo, na Pindo akayaonea huruma mpaka akasahau lililokuwa linambana. Akasogea kwa magoti, akamshika mkono. Mama hakuutoa mkono wake mara moja. Kwa kitambo kidogo walikuwa wanawake wawili wanaolilia kitu kimoja, na laiti wangeachwa hapo.

"Baba yao aliipima kwa mikono yake dukani," mama akasema. "Mimi nilimwambia ni nyingi, akaniambia, nyingi ni afadhali kuliko pungufu."

"Pole, mama. Pole sana."

"Sikuwa na mtu wa kumpa. Nikasema, basi, ngoja nimpe huyu."

"Ungeniambia, mama." Pindo alilisema kwa upole, bila kinyongo. "Ungeniambia maneno mawili tu, hii ni ya marehemu. Ningeilaza chini ya mto."

Hapo mama akautoa mkono wake.

"Ningekuambia, ningekujuaje?"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Pindo alimsikia akivuta pumzi.

"Kunijua vipi, mama?"

"Mtu humjui kwa maneno unayomwambia. Unampa kitu, unanyamaza, unatazama. Mwenye kujali angeniuliza, mama hii ni nini, imetoka wapi, niifanye nini. Wewe hukuuliza. Uliichukua ukaenda kuikata na watu wako."

"Lakini mama, ulikuwa unajua nina siku ya kukata."

"Nilikuwa najua."

Alilisema wazi, bila kupepesa. Halafu uso ukamlegea, akaonekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi. "Sitakudanganya, binti. Nusu ya moyo wangu iliomba usiikate. Nimekaa hapa tangu Krismasi naomba usiikate. Leo nikashindwa, nikamwambia mwanangu akuwahi. Lakini ile nusu nyingine," akagusa ukingo wa kipande, "ile nusu nyingine ilikuwa inangoja nione ninachokiona sasa. Nyumba ya kwanza ulikata ukaenda zako. Na hii umekata. Huyo ndiye wewe."

Pindo akainuka magotini. Magoti yalimuuma, na aibu aliyoingia nayo ilikuwa imegeuka kitu kingine, kigumu na kichungu kama shubiri. Bado alikuwa mbele ya mtu mzima, akachagua maneno.

"Mama, hariri ni kosa langu, na nitaliomba radhi siku zote. Lakini umeichukua zawadi ya mumeo, kitu ulichokitunza miaka yote hiyo, ukaifanya mtego wa kuninasa mimi. Ningekuwa na thamani ya hariri hiyo machoni pako, ningefurahi. Umenijua, sawa. Na mimi nimekujua."

"Unamsikia?" mama akamgeukia mwanawe. "Unamsikia anavyonijibu nyumbani kwangu?"

Pindo naye akamgeukia. Hakuwahi kumtazama mwanamume namna ile, na hatamtazama mwingine hivyo. Hakuwa anataka amtukane mama yake. Hakutaka hata amchague. Alitaka aseme, mama, hapo umekosea. Sentensi moja, kwa sauti ya chini, hata akiwa ameinamisha kichwa. Angeibeba hiyo sentensi miaka kumi mingine ya kununiwa na asilalamike.

Fundi alitazama zulia. Alitazama meza, vile vipande.

"Mama amechoka," akasema. "Tumwache apumzike."

"Msindikize mgeni," mama akasema.

Mgeni. Baada ya miaka mitatu.

Walitoka hadi getini. Mtaani watoto wa jirani walikuwa wakiendesha baiskeli mpya za sikukuu, wakipiga kengele bila huruma. Fundi akamshika Pindo vidole, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mpe muda," akasema. "Ana machungu. Mimi nitamlainisha taratibu, wewe unajua namjulia. Mwezi, miwili, atasahau."

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Kwamba alijua."

"Nimesikia, Pindo."

"Basi?"

"Ni mama yangu."

"Najua. Sikukuuliza ni nani."

Fundi akafumba macho. "Unataka nimwambie nini? Amebaki peke yake. Amemlilia baba mbele yetu sasa hivi. Nimwambie yeye ndiye mwenye makosa? Kweli hata kidogo, hata kidogo tu, hukuona kwamba ile si ya kukatwa? Wewe, na macho yako yale? Ningekuwa mimi ningeuliza kwanza."

Hayo maneno ndiyo yaliyommaliza, kwa sababu yalikuwa ya mama yake, yamepita tu katika mdomo alioupenda. Pindo alitaka kumwambia kwamba aliikata kwa furaha, kwamba hakuna kitu katika maisha yake alichowahi kukikata kwa mapenzi vile. Alitaka kumwambia kwamba alipoachana na yule mume wa kwanza ilikuwa ni kwa jambo kama hili, ukimya wa mtu aliyesikia kila kitu. Akavitoa vidole vyake taratibu.

"Sawa," akasema.

"Sawa nini?"

"Sawa, umeuliza, nimesikia. Hukumwuliza mama swali hata moja, lakini mimi umeniuliza."

"Pindo, usinifanyie hivyo. Nakupenda, unajua nakupenda."

"Najua." Na alikuwa anajua, hilo ndilo lililokuwa chungu. Ndani, mama akaita, si kwa nguvu, kama mtu anayeita jina alilozoea kuitikiwa. Fundi akageuza kichwa, kisha akamgeukia Pindo tena, akasimama hapo katikati ya geti, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Pindo akajikaza, akatabasamu kidogo, tabasamu lile analowapa wagonjwa chumba cha eksirei picha inapokuwa mbaya.

"Nenda ndani," akamwambia. "Mama yako anakuita."

Aliyasema hayo akiomba kwa moyo wake wote Fundi akatae.

Akaenda.